Sarafu Iliyochujuka na Sarafu Iliyokosewa Kiwandani: Namna ya Kuzitofautisha

Shilingi mia ya Tanzania ni ya njano. Mtu akiikuta imekuwa nyekundu, au ya kijivu upande mmoja, siku hizi wazo la kwanza linalomjia ni mamilioni. Matangazo ya "tunanunua sarafu za zamani" yamefanya kazi yake. Niseme mapema ili anayetafuta utajiri wa haraka asipoteze muda: karibu kila sarafu yenye rangi ya ajabu imebadilika baada ya kutoka kiwandani, na thamani yake ni ileile iliyoandikwa usoni. Ila "karibu kila" si "kila". Hizo chache zilizobaki ndizo zinazostahili kupimwa, na kipimo chenyewe kinawezekana nyumbani.

Vifaa ni vichache. Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, vania ya fundi (kifaa cha kupimia upana na unene), lenzi ya kukuzia ya fundi saa, na sumaku. Sumaku ya spika mbovu inatosha kabisa. Kifaa cha tano, ambacho watu hukisahau, ni sarafu nyingine nzima za aina ileile na mwaka uleule au wa karibu. Bila hizo huna cha kulinganishia.

Hatua ya 1: Iache ilivyo

Usiisugue. Ndimu, majivu, dawa ya meno, soda, yote hayo yanafuta ushahidi unaoutafuta. Asidi ya ndimu ikigusa shaba ya njano (mchanganyiko wa shaba na zinki) huiacha na wekundu, na hapo unakuwa umetengeneza mwenyewe ile "rangi ya ajabu". Ishike kwa kingo, iweke kwenye bahasha ya karatasi. Mifuko laini ya plastiki yenye PVC si rafiki wa sarafu: ikizeeka hutoa asidi, na sarafu inaota utando wa kijani unaonata.

Hatua ya 2: Jua ilipaswa kuwa ya metali gani

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu sarafu yenye jina moja inaweza kubadilishwa metali mara kadhaa. Chukua shilingi moja ya Kenya. Ile ya miaka ya 1960 na 1970 ni nyeupe, mchanganyiko wa shaba na nikeli. Mwaka 1995 ikaja ya njano, yaani chuma kilichochovywa shaba ya njano. Mwaka 2005, sura ya Kenyatta iliporudi kwenye sarafu, ikawa nyeupe tena, safari hii chuma kilichochovywa nikeli. Mwenye shilingi ya 1997 mkononi na ya 2005 mezani anaweza kuapa kwamba moja imekosewa rangi. Zote mbili ziko sawa.

Tanzania nayo ina mtego wa aina hiyo. Senti hamsini ya sungura na shilingi ya mwenge zilianza mwaka 1966 zikiwa za shaba na nikeli, ambazo sumaku haizivuti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sarafu hizohizo zikaanza kutengenezwa kwa chuma kilichofunikwa nikeli, na sumaku inazivuta. Basi usije ukasema "hii ya kwangu inanasa sumaku, ile ya babu hainasi, kwa hiyo moja ni kosa la kiwanda." Soma mwaka kwanza.

Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba mbele ya milima, inahitaji maelezo zaidi kwa sababu ndiyo inayozua mabishano makubwa. Za mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25 tu. Asilimia 75 iliyobaki ni metali za bei ndogo, hasa shaba. Ili sarafu ya namna hiyo isionekane nyekundu ikiwa mpya, vipande vyake vilitibiwa kwa asidi kabla ya kugongwa, shaba ya juu ikaondoka na ukabaki utando mwembamba wenye fedha nyingi. Utando huo hulika kwa matumizi. Ndiyo maana unaikuta shilingi ya King George nyeupe kwenye uwanda (sehemu tambarare isiyo na picha) lakini bega la simba na shavu la mfalme ni manjano au mekundu. Huo ni uchakavu wa kawaida. Kuanzia 1948 shilingi hiyo ikawa ya shaba na nikeli, haina fedha hata chembe, na haichakai kwa namna hiyo. Uzito wa kawaida wa shilingi hizi ni gramu 7.78.

Hatua ya 3: Uliza kasoro iko chini ya pigo la muhuri au juu yake

Samahani kwa lugha ya kifundi kidogo, lakini ukielewa hili nusu ya kazi imeisha. Sarafu huanza kama bamba la metali. Bamba hukatwa vipande vya mviringo visivyo na picha, vipande hupashwa moto vilainike, hupitishwa kwenye mashine inayoinua ukingo, na kama ni vya kuchovywa huchovywa hapo. Kisha kila kipande huwekwa ndani ya pete ya chuma na kugongwa kwa mihuri miwili, wa juu na wa chini, kwa nguvu nyingi kwa mpigo mmoja. Baada ya hapo kiwanda hakina la kuongeza.

Kwa hiyo kosa la kiwandani lilitokea kabla ya pigo hilo au wakati wa pigo hilo. Kama kipande kilikuwa na dosari, picha imegongwa juu ya dosari. Kama muhuri ulikuwa umepasuka, ufa unaonekana kwenye sarafu kama mstari ulioinuka, kwa sababu metali iliingia ndani ya ufa. Kilichotokea baadaye, mkwaruzo, asidi, moto, rangi ya kucha, hukatiza picha au hukaa juu yake. Mkwaruzo ni mfereji ulioingia ndani. Chukua lenzi, elekeza taa ya upande, na uangalie pale dosari inapokutana na herufi. Herufi imepita juu, au imekatwa?

Hatua ya 4: Sumaku, mizani, vania

Pima kwa mpangilio huu. Sumaku kwanza: ikiwa sarafu inatakiwa kunasa na hainasi, au kinyume chake, umepata jambo la maana kuliko rangi yoyote. Mfano maarufu duniani ni senti ya Marekani ya mwaka 1943. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Vipande vichache vya bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) vilivyosalia viliingia mashineni, na senti hizo sasa ni ghali mno. Matapeli wakazichovya za chuma kwenye shaba. Sumaku inawaumbua papo hapo, na mizani inathibitisha: ya bronzi ina takriban gramu 3.11, ya chuma takriban gramu 2.70.

Kisha mizani. Usitegemee namba moja uliyoikuta mahali. Pima sarafu kumi nzima za aina hiyo uone zinacheza kati ya wapi na wapi. Sarafu iliyochujuka tu itaangukia humohumo, au pungufu kidogo kwa sababu ya kuchakaa. Iliyoliwa na asidi itakuwa nyepesi na vania itaonyesha imepungua upana na unene pia. Iliyogongwa kwenye kipande cha sarafu nyingine itakuwa na uzito wa hiyo sarafu nyingine. Viwanda vikubwa hugonga sarafu za nchi nyingi chini ya paa moja, kwa hiyo kipande cha nchi ya mbali kinaweza kupotea njia, lakini lazima kiwe kiliweza kuingia kwenye pete. Kikiwa kidogo, picha haitafika ukingoni au maandishi yatakatwa. Ukiambiwa sarafu ni ya metali tofauti lakini uzito, upana na unene vyote ni vya kawaida kabisa, uwe na shaka.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho masonara wanakijua na gharama yake ni uzi na glasi ya maji. Pima sarafu kavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, andika gramu zilizoongezeka. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Chuma hutoa kama 7.8, shaba ya njano huzunguka 8.5, shaba nyekundu pamoja na mchanganyiko wa shaba na nikeli hukaribia 8.9, fedha safi 10.5, risasi 11.3. Toa mapovu ya hewa yaliyonasa kwenye sarafu, yanaharibu hesabu.

Hatua ya 5: Soma rangi yenyewe

Rangi hufuata sababu, na kila sababu ina tabia yake ya kutandaa.

Shaba ya njano ikikaa kwenye jasho, maji ya chumvi au asidi hupoteza zinki kwenye uso wake na kubakiza shaba, ikawa ya waridi au nyekundu. Hii ndiyo hadithi ya sarafu nyingi nyekundu za shilingi mia na za shilingi hamsini zinazozunguka. Angalia kona za ndani za herufi: mara nyingi utaona njano ya awali imejificha humo. Kwa sarafu za kuchovya jambo hilo huenda mbele zaidi. Utando ukiisha unatokea chuma, kijivu halafu kutu ya kahawia. Ikiwa kijivu kimeanzia sehemu zilizoinuka, yaani pua, shavu, pembe za mnyama na ukingo, ni msuguano wa mifuko na meza.

Mchanganyiko wa shaba na nikeli ukizikwa ardhini hutoka na rangi ya chungwa, kahawia au nyeusi. Ukiungua, hasa kwenye majivu ya takataka, hupata uso wa giza usio na mng'aro. Fedha hupitia manjano, kisha buluu na zambarau, halafu nyeusi, kwa sababu ya salfa iliyoko hewani na kwenye karatasi duni. Upinde huo wa rangi wengine huupenda na kuulipia, lakini hata huo si kosa la kiwanda. Bronzi huwa kahawia, na unyevu ukizidi huota kijani.

Sarafu iliyogeuka nyeupe inayong'aa isivyo kawaida ni ya kuangaliwa kwa tahadhari. Katika maeneo ya uchenjuaji wa dhahabu, Geita, Chunya na kwingineko, sarafu ya shaba ikiguswa na zebaki hung'aa kama fedha. Ukishuku hivyo, usiisugue kwa kidole na kamwe usiipashe moto. Mvuke wa zebaki ni sumu. Iweke kwenye chupa yenye kifuniko na uachane nayo. Kuna pia mchezo wa maabara za shule: senti ya shaba hutiwa zinki ikawa nyeupe, kisha hupashwa moto ikawa na rangi ya dhahabu. Uzito wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, na sumaku haiongezi neno.

Je, sarafu iliyokosa kuchovywa ipo kweli? Ipo. Kipande kinaweza kuruka beseni na kugongwa kikiwa chuma kitupu au zinki tupu. Lakini hiyo ni ya kijivu kila mahali: usoni, mgongoni, ukingoni, na ndani kabisa ya kona za herufi. Picha yake ni kali, herufi zina kingo zilizochongoka, na ina mng'aro wa metali iliyopigwa. Iliyovuliwa kwa asidi ina herufi zilizovimba na kulainika, na uso wenye vijishimo. Malengelenge madogo chini ya utando ni kasoro ya kiwandani kweli, ila ni ya kawaida mno na hakuna anayeilipia.

Hatua ya 6: Zijue kasoro zenye uzito

Kosa lenye thamani kwa kawaida huonekana kwenye umbo na picha. Picha iliyogongwa pembeni ikaacha mwezi mtupu. Picha mbili, moja juu ya nyingine. Sarafu yenye ubapa uliokatwa na mashine ya kukatia vipande: hiyo, ukitazama ng'ambo ya pale ilipokatwa, ukingo utakuwa hafifu, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo ilikosa mahali pa kuegemea. Aliyekata kwa msasa hawezi kuigiza hilo. Au mihuri miwili isiyo ndugu, kama peni 20 ya Uingereza ya mwaka 2008. Mwaka huo tarehe ilihamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, muhuri wa zamani wa usoni ukafungwa na muhuri mpya wa mgongoni, na zikatoka sarafu zisizo na mwaka wowote. Kiwanda chenyewe kilikiri. Rangi haina neno hapo. Kinachotakiwa ni macho.

Senti tano na kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu lililotobolewa kwenye kipande kabla ya kugongwa. Zisizo na tundu zipo, na zilizozibwa kwa risasi ya kuchomelea zipo pia. Tafuta mshono wa duara kwa lenzi, na tofauti ya rangi katikati. Hapa rangi inasaidia kweli: risasi na bati hazizeeki sawa na bronzi.

Sarafu za metali mbili, kama shilingi kumi na ishirini za Kenya, zinachezewa sana. Kitovu hutolewa kwa nyundo au moto, kikawekwa kingine. Picha ikikatizwa ghafla kwenye mpaka wa pete na kitovu, au ikiwa imezunguka isikutane, ni kazi ya mtu. Kwenye kosa halisi pigo moja limepita juu ya pete na kitovu kwa pamoja. Pete iliyogongwa bila kitovu nayo hujieleza: metali yake imesukumwa kuingia tunduni, haina alama za patasi.

Na ukiona picha ya upande mmoja imegeuzwa na kuzama, angalia kama picha ya asili bado inaonekana ikiwa imelazwa chini yake. Ikiwa ipo, sarafu mbili zilibanwa kwenye jiliwa (kibano cha fundi).

Kisa cha heller za Tabora

Mwaka 1916, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki likiwa limezingirwa na meli za Waingereza na hakuna sarafu zinazoingia, mafundi waligonga heller (senti za rupia ya Wajerumani) 5, heller 20 na rupia 15 za dhahabu kwenye karakana ya reli mjini Tabora. Heller 20 zina taji, D.O.A. (kifupi cha jina la koloni hilo kwa Kijerumani), mwaka 1916 na herufi T. Ziligongwa kwa shaba ya njano na kwa shaba nyekundu pia, na kwa jumla nyekundu ni chache zaidi. Hapo ndipo rangi inapoanza kuwa na bei, na ndipo inapodanganya kuliko mahali pengine popote: baada ya zaidi ya miaka 100 zote mbili zimekuwa kahawia, na ya njano iliyopoteza zinki inajifanya nyekundu.

Usikwangue ukingo ili uone metali, utaiharibia thamani. Angalia sehemu zilizochakaa kiasili, taji na majani ya shada, ambako metali hubaki wazi. Kisha tumia glasi ya maji. Sarafu ya gramu 12 ikiwa ya shaba nyekundu itaongeza takriban gramu 1.35 kwenye mizani. Ikiwa ya njano, kama gramu 1.41. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo rudia kipimo mpaka namba zitulie.

Kwa sarafu hizi usihesabu picha iliyopinda, uzito unaoyumba, wala ukingo wenye makovu kuwa makosa. Zilitengenezwa kwa haraka ya vita, hivyo ndivyo zilivyo karibu zote. Wakusanyaji wanaangalia zaidi aina ya muhuri: taji kubwa au dogo, na ncha za herufi L kwenye neno HELLER, zilizochongoka au zilizojikunja. Ukiwa nayo, tambua hayo kabla ya kuzungumzia rangi.

Hatua ya 7: Ikiwa imepita vipimo vyote

Piga picha mchana kwenye kivuli, bila flashi na bila kichujio cha simu. Simu nyingi hubadilisha rangi zenyewe, kwa hiyo weka sarafu nzima ya aina ileile kwenye fremu hiyohiyo. Piga uso, mgongo, ukingo, na sarafu ikiwa juu ya mizani namba ikisomeka. Andika uzito, upana, unene, jibu la sumaku na jibu la maji. Mnunuzi anayejua kazi atakuuliza hayo kabla ya kutaja bei, na asiyeyauliza huku akitaja mamilioni na kudai utume kwanza "ada ya usajili" hanunui sarafu.

Kwa kitu kinachoonekana kuwa cha maana, kampuni za uthibitishaji kama PCGS na NGC za Marekani hupokea sarafu za dunia nzima, lakini ada na usafirishaji vinaweza kuzidi thamani ya sarafu yenyewe. Linganisha kwanza na bei ambazo sarafu za aina hiyo ziliuzwa kweli mnadani. Bei aliyoandika muuzaji anayesubiri mteja haihesabiki.